Mashine Isiyo na Isnadi na Habari za Umma za Kale

 

Ndugu Waislamu, wale kati yenu waliokuwa watu wazima mwaka 2004 wataikumbuka picha moja iliyozunguka dunia nzima kwa barua pepe na kufika hadi kwenye mbao za matangazo za misikiti. Ilionesha shimo kubwa la udongo, na ndani yake fuvu na mifupa ya mwanaadamu mwenye ukubwa wa nyumba, na kando ya fuvu amesimama mchimbaji aliyeonekana mdogo kama sisimizi. Maelezo yaliyofuatana nayo yalidai kuwa watafutaji wa gesi katika jangwa la Rub' al-Khali wameyafukua mabaki ya kaumu ya 'Aad, na kwamba serikali imeizuia habari hiyo isitoke.

Ukweli wake ulikuwa mwepesi kuupata kwa aliyeutaka. Picha ya asili ilipigwa mwaka 2000 huko Hyde Park, katika jimbo la New York, Marekani, palipokuwa pakifukuliwa mifupa ya mastodoni, mnyama wa kale wa jamii ya tembo. Mwaka 2002 fundi mmoja wa kuchezea picha kwa kompyuta alipachika mifupa ya mtu juu ya shimo lile kwa ajili ya mashindano ya kwenye intaneti, yaliyowataka washiriki waghushi ugunduzi wa mambo ya kale, naye akashika nafasi ya tatu. Hakudai kamwe kuwa ni kweli. Jina la 'Aad walilipachika wengine waliokuja baada yake. Hadi Desemba 2007 jarida la National Geographic lilikuwa bado linalazimika kuandika kukanusha.

Tumeanza na habari hiyo kwa kuwa uzushi ule ulihitaji fundi, kompyuta na saa kadhaa za kazi. Leo mtoto wa darasa la sita mwenye simu ya mzazi wake anaandika sentensi moja, na kabla chai haijachemka amepata mifupa mirefu kuliko ile, yenye vivuli na vumbi, na juu yake makala yenye kuitolea ushahidi. Mashine hizi zinazotunga maandishi na picha, ambazo wengi wamezoea kuziita akili mnemba, zilienea kwa watu wa kawaida tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022. Sasa zimekwisha kuingia katika shule zetu na madrasa zetu. Walimu wanaandalia kwazo masomo ya Misri ya kale, Babeli, Saba na Thamud, na wanafunzi wanajibia kwazo maswali ya masomo hayo hayo. Wapo ndugu wanaosema zipigwe marufuku moja kwa moja, na wapo wanaosema kuwa hii ndiyo maktaba tuliyoikosa siku zote. Sisi tunaona kila upande umeshika kipande cha haki, na kwamba suala lenyewe halijatazamwa mahali pake.

Msomaji asiyezijua mashine hizi na afahamu kwamba kwa asili yake hazifungui kitabu zinapoulizwa. Zimelishwa maandishi mengi mno, sehemu kubwa yake ikiwa ya Kiingereza, zikajifunza ni neno lipi huelekea kufuata neno lipi. Kisha zikiulizwa hutunga jibu kipande kwa kipande, kwa kufuata lile linaloelekea kusemwa. Linaloelekea kusemwa mara nyingi ndilo sahihi, na hapo ndipo penye mtego, kwani kosa linapokuja huja limevaa kanzu ile ile ya ufasaha. Baadhi ya mashine za sasa hupekua intaneti kwanza na kuambatanisha anwani za kurasa, na hilo ni afadhali. Lakini aliyejitaabisha kuzifungua kurasa hizo atakuwa amewahi kukuta ukurasa upo na maneno yaliyonasibishwa nao hayamo. Huko New York, mwezi Juni 2023, jaji aliwatoza wanasheria wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha mahakamani hukumu za kesi ambazo hazijapata kuwepo, walizopewa na mashine ya namna hii, kila moja ikiwa na jina lake na namba yake. Ikiwa wanasheria wamepita bila kutanabahi, mtoto wa kidato cha kwanza atatanabahi kwa lipi?

Katika elimu ya Hadith, mpokezi asiyejulikana hali yake huitwa majhuli, na habari yake haijengewi hoja. Yupo pia mudallis, anayemruka yule aliyemsikia na kuinasibisha habari kwa aliye juu yake, kwa tamko la kudhanisha kuwa amemsikia mwenyewe. Tulipozichunguza mashine hizi tulitaka kuziweka katika daraja mojawapo kati ya hizo, tukaona zote mbili haziwatoshi. Mudallis angalau anamjua anayemficha. Mashine inasema "wanahistoria wanaeleza", na ukiiuliza ni wanahistoria gani, huyatunga majina hapo hapo kwa njia ile ile iliyotungia habari.

Tuliiuliza mojawapo, kwa Kiarabu, juu ya Bwawa la Ma'rib, ambalo wanafunzi wetu hulisoma pamoja na Suratu Saba. Jibu lilikuja kwa Kiarabu kizuri, likataja kitabu mashuhuri cha taarikh, juzuu na ukurasa, na likatoa mwaka mmoja kuwa ndio mwaka wa kuvunjika bwawa. Tukakifungua kitabu. Ukurasa ule unazungumzia jambo jingine kabisa. Ama kuhusu mwaka, ilivyo hakika ni kwamba bwawa lile lilivunjika na kujengwa upya zaidi ya mara moja kabla ya kuachwa moja kwa moja katika karne ya sita Miladi. Abraha mwenyewe, ambaye kila mtoto wa madrasa anamjua kwa Suratul Fiil, aliacha pale Ma'rib maandishi marefu juu ya jiwe, ya mwaka 657 wa Kihimyari, yaani karibu na mwaka 548 Miladi. Anaeleza humo jinsi bwawa lilivyopasuka, jinsi alivyowakusanya wafanyakazi, jinsi maradhi yalivyoingia, na jinsi wajumbe wa Najashi, wa Rumi na wa Uajemi walivyomfikia. Jiwe hilo linafaa somo zima! Mwanafunzi anayelisoma anakutana na mtu wa kale akijisemea mwenyewe, kwa majigambo yake, naye hujifunza kuuliza: huyu anataka tuamini nini, na kwa nini? Jibu la mashine lilimpa mwanafunzi tarakimu moja ya kukariri, nayo si sahihi.

Wenzetu hudhani kuwa wasiwasi huu ni wa watu wanaoogopa mambo mapya. Wanavyuoni wetu walikuwa na wasiwasi huu huu kwa habari zilizoandikwa kwa kalamu ya mwanzi. Imamu at-Tabari, aliyefariki mwaka 310 Hijria, alitanguliza katika taarikh yake maelezo kwamba yeye anazifikisha habari kama zilivyomfikia, na kwamba msomaji atakayekuta humo jambo la kuchukiza ajue kuwa limetoka kwa waliolipokea. Na kwa sababu hiyo akaweka majina yao mbele ya habari, ili mwenye kutaka kuwapima awapime. Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377 Miladi, alikwenda mbali zaidi, na kwa bahati mfano wake mmoja unaigusa ile picha ya mifupa. Alisema kuwa watu wakiona majengo makubwa ya kale huwadhania wajenzi wake kuwa walikuwa na miili mikubwa kwa kiasi hicho, na wasimulizi wakazidisha, hata wakamzulia 'Uj bin 'Inaq kuwa alikuwa akiwatoa samaki baharini na kuwaoka kwenye jua. Yeye akawarudisha watu kwenye milango: nyumba zilizochongwa majabalini huko Hijr, ambako msafara wa Hijazi hupita, zina milango ya kimo cha watu wa kawaida. Ukubwa wa majengo, akasema, unatokana na nguvu za dola, wingi wa watu waliokusanywa na vyombo vya kunyanyulia.

Al-Hafidh Ibn Hajar naye, katika Fat-hul Baari, alipofika kwenye Hadith ya urefu wa Nabii Adam ('alayhis salaam) na kupungua kwa vimo vya watu baada yake, aliyakumbuka makazi hayo hayo ya Thamud, akaona pana mushkili baina ya vimo na milango, na akaandika wazi kuwa hadi wakati huo hakuwa amepata la kuuondoa. Huyo ni bahari ya elimu, aliyekufa mwaka 852 Hijria, na kitabu chake kinasomwa hadi leo misikitini, na hakuona haya kukiri kuwa hajapata jawabu! Iulizeni mashine swali hilo hilo. Mara nyingi itawapa masuluhisho matatu yenye namba.

Tukae kidogo hapo Hijr, kwani ndipo tulipoona kwa uwazi zaidi mwalimu anafanya nini na mashine haifanyi nini. Katika makaburi mengi makubwa ya pale, juu ya milango yake, yamechongwa maandishi ya Kinabati, na mengi yana mwaka wa utawala wa mfalme, akiwemo Haritha wa Nne aliyetawala hadi mwaka 40 Miladi. Yanasema kaburi ni la nani, nani ataruhusiwa kuzikwa humo, na faini gani itamfika atakayeliuza. Baadhi yameandikwa hata jina la mchongaji. Kwa upande mwingine, jina la Thamud limo katika kumbukumbu za Sargon wa Pili, mfalme wa Ashuri, za karne ya nane kabla ya Miladi, yaani zaidi ya miaka 700 kabla ya makaburi hayo. Kwa hiyo katika bonde hilo walipita watu baada ya watu. Hadith sahihi zinathibitisha kuwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alipita Hijr akawaonya Swahaba zake juu ya makazi ya waliodhulumu nafsi zao. Hazikutaja kila mlango ni wa nani. Mwanafunzi akiuliza, "Ustadhi, mbona mlango huu una jina la Mnabati?", mwalimu mwenye elimu atasimama hapo dakika 20, aeleze tofauti ya kile kilichothibiti kwa wahyi, kile kilichosemwa na jiwe, na kile walichokisia watu, akiwamo Ibn Khaldun kwa heshima yake yote. Katika majibu ya mashine tuliyoyakusanya, Thamud na Wanabati wamechanganywa katika ibara moja kama maziwa na maji, na aliyeyakunywa hajui kuwa palikuwa na vitu viwili.

Hata hivyo tusiwe watu wa kupinga kila kitu. Zipo kazi ambazo akili mnemba imezifanya katika elimu ya mambo ya kale, nazo zinastahiki kusifiwa. Mwezi Machi 2022 jarida la Nature lilichapisha kazi ya watafiti walioiunda programu iitwayo Ithaca, ya kukisia herufi zilizomomonyoka katika maandishi ya Kiyunani yaliyochongwa mawe. Katika majaribio, wanahistoria peke yao walipata sawa kwa asilimia 25, programu peke yake kwa asilimia 62, na wanahistoria walioitumia programu wakafika asilimia 72. Tena, huko Herculaneum nchini Italia, hati za mafunjo zilizogeuka makaa chini ya mlima Vesuvius mwaka 79 Miladi, ambazo zikikunjuliwa huvunjika, zimeanza kusomwa bila kukunjuliwa: zinapigwa picha za eksirei na kompyuta inautafuta wino ndani yake. Februari 2024 vijana watatu, mmoja wao Youssef Nader, Mmisri aliyekuwa akisoma Berlin, walipewa zawadi ya dola 700,000 kwa kuzitoa humo herufi zaidi ya 2,000.

Tazameni vizuri katika kazi hizo mbili. Jiwe lipo. Hati ipo. Ithaca haitoi neno moja na kunyamaza. Inaweka makisio kadhaa na uzito wa kila moja mbele ya mtu ambaye ameisoma lugha hiyo kwa miaka, naye huchagua au hukataa. Herufi za Herculaneum zilipitiwa na wataalamu wa hati za mafunjo kabla ya kutangazwa. Anayesema "akili mnemba imesoma hati za kale, basi kwa nini isitufundishie watoto?" amechanganya darubini na msimulizi.

Hoja nzito kuliko hiyo ni ya ufukara, na haifai kupitwa kwa haraka. Mwalimu wa shule ya kijijini ana kitabu kimoja cha historia kwa wanafunzi 60, hana maktaba, na kilichomo katika kitabu hicho juu ya ulimwengu wa kale ni kurasa chache za Misri. Simu yake inamjibu kwa Kiswahili, bure, usiku wa manane. Nani atamwambia aiache? Sisi hatumwambii aiache. Tunamwomba abadili mpangilio: chanzo kitangulie, mashine ifuate.

Mfano wa karibu yetu ni Rhapta, ambayo wanafunzi wa sekondari huisikia wanaposoma habari za pwani. Tunachokijua juu yake kwa sehemu kubwa kinatoka katika kijitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza Miladi, Periplus ya Bahari ya Eritrea, ambacho mtunzi wake hajulikani jina. Anasema Rhapta ilikuwa soko la mwisho la Azania. Jina lake limetokana na mashua za kushonwa kwa kamba, na wazee wa pwani walioiona mitepe hawahitaji kuelezwa zaidi. Pembe za ndovu na magamba ya kasa vilikuwa vingi. Na wafanyabiashara wa Mouza, bandari ya Yemen, walipeleka huko manahodha Waarabu walioijua lugha ya wenyeji na kuoa kwao. Mahali hasa ilipokuwa, wanazuoni hawajakubaliana: wapo wasemao delta ya Rufiji, wapo wasemao Pangani, wapo wasemao karibu na Dar es Salaam. Tafsiri ya Kiingereza ya Schoff, ya mwaka 1912, inapatikana bure, na sehemu inayohusu Azania ni fupi mno. Mwalimu anaweza kuitafsiri kwa msaada wa mashine hiyo hiyo, kisha akaipitia neno kwa neno, akawapa wanafunzi.

Wakishaisoma, na aiulize mashine habari za Rhapta, achapishe jibu, awagawie wanafunzi, na kazi yao iwe kuikamata kila sentensi: hii imo katika Periplus, hii imo mahali pengine tunapopajua, hii haina mwenyewe. Tumelifanya zoezi hili na vijana wa miaka 15 na 16. Katika jibu moja walikuta Rhapta imejengewa misikiti, zaidi ya miaka 500 kabla ya Hijra! Darasa lilicheka, lakini mmoja wao akauliza swali ambalo hatukulitarajia: je, kitabu chetu cha shule nacho kina sentensi zisizo na mwenyewe? Wakakifungua, na kipindi cha pili kikapotelea humo.

Yapo mambo mawili ambayo hatuyapi nafasi. La kwanza ni kuzitaka mashine zitengeneze picha au sauti za Mitume ('alayhimus salaam) na Swahaba, hata kwa nia ya kuwavutia watoto. Hili hukumu yake inajulikana na haina haja ya kurefushwa. La pili ni hizi programu za kuzungumza na wafu. Januari 2023 ilitoka programu ya simu iliyodai kuwawezesha wanafunzi kuzungumza na watu mashuhuri wa taarikh, na humo Heinrich Himmler, mkuu wa kikosi cha SS cha Hitler, akawa anajutia mauaji aliyoyasimamia. Mashine inayotungwa ili imridhishe anayezungumza nayo haina budi kuwatengeneza madhalimu wapole. Mpeni mtoto wa miaka 9 Firauni wa namna hiyo, amuombe radhi kwa kuwachinja watoto wa Bani Israil, kisha mumuulize mwezi mmoja baadaye Firauni alisema nini. Hatakumbuka alichokisoma katika Suratu Yunus. Atakumbuka alichokisikia kwa masikio yake. Na tukumbushe kuwa hata UNESCO, katika mwongozo wake wa Septemba 2023, ilipendekeza zana hizi zisitumiwe darasani na walio chini ya miaka 13, na wengi wa watoto wetu wa madrasa wako chini ya umri huo.

Baadhi ya kamati za misikiti zinachangisha fedha za kununulia madrasa vishikwambi. Tunaziomba, kabla ya hapo, zinunue Muqaddima moja, Taarikh ya Tabari, atlasi ya karatasi, na picha kubwa za maandishi ya Ma'rib na Hijr za kubandika ukutani, mahali pale pale ilipobandikwa ile mifupa. Walimu walio tayari kubadilishana mazoezi ya namna ya lile la Rhapta na watuandikie kupitia jarida hili. La Bwawa la Ma'rib liko tayari kutumwa kwa anayelitaka. La Hijr bado tunalikamilishia tafsiri ya maandishi ya milangoni.